Uzi: Mlima ukiutazama kutoka TPC ni wa bluu, ukifika Machame ni wa kijani. Bluu inakwenda wapi?

MchoraMlima (Moshi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kuchora. Zile picha za Kilimanjaro zenye tembo wawili na mgunga mbele, wanazonunua watalii, huenda umeshapita karibu na moja yangu. Swali langu linatokana na kazi hiyo.

Fundi aliyenifundisha alinipa kanuni moja: kitu cha karibu kipake rangi yake, cha mbali kizidishie bluu na nyeupe. Migomba ya mbele kijani, msitu wa juu ya Machame kijani chenye bluu, bega la Shira bluu, na safu ya Upare kule pembeni bluu iliyofifia karibu ifanane na mbingu. Ukiidharau kanuni hii, mlima unaonekana umebandikwa kwa gundi.

Sina ugomvi na kanuni, inaniletea ugali. Nataka kujua inatoka wapi. Simama TPC, lile shamba la miwa kusini mwa Moshi, utazame juu: msitu ni wa bluu. Panda gari hadi getini Machame: msitu uleule ni kijani kibichi, hauna hata tone la bluu. Na kama hewa ndiyo yenye bluu, mbona hewa ya chumbani kwangu haina rangi yoyote?

Msinijibu "ni ukungu". Ukungu ni mweupe, tunaujua, Juni na Julai tunaishi ndani yake. Karibuni wajuvi.

MbegeBaridi

Naweka kigoda changu hapa. Wajuvi wakifika mniamshe.

BahariKuu

Hili jepesi. Mbingu inaakisi rangi ya bahari, mlima nao unaakisi mbingu. Tulifundishwa hivyo zamani.

MbegeBaridi

Mkuu, bahari iko Tanga. Hiyo bluu itoke Tanga, ipite Korogwe, Same, Mwanga, ipande hadi Kibosho, na isipungue hata kidogo? Hata basi linachoka.

TichaFizikia (Kibosho)

Mtoa mada, fundi wako alishika jambo kubwa bila kulipa jina.

Bahari tuiweke pembeni kwanza. Katikati ya jangwa la Sahara mbingu ni bluu, na maji hakuna. Kwa sehemu fulani ni bahari inayoakisi mbingu, na zaidi ya hapo maji yenyewe yanafyonza mwanga mwekundu. Kwa hiyo habari ya BahariKuu imegeuzwa kichwa chini.

Sasa msitu wako. Bluu unayoiona kutoka TPC haiko kwenye msitu, iko kwenye hewa iliyo kati ya jicho lako na msitu. Mwanga wa jua unapita kwenye hewa hiyo ukitokea juu na ubavuni. Sehemu ndogo sana ya mwanga huo inatawanywa na molekuli za hewa kwenda kila upande, na baadhi inaangukia jichoni mwako. Msitu wenyewe ni kitu cha giza, haukutumii mwanga mwingi. Kwa hiyo mwanga wa hewa unaufunika. Kila unaposogea, hewa ya katikati inapungua, bluu inapungua, kijani cha majani kinabaki peke yake. Bluu haikwenda popote, umeivuka tu.

Kutoka Moshi mjini hadi Kibo ni kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka, na kutoka TPC ni zaidi. Chumba chako kina mita nne. Hewa ya chumbani nayo inatawanya mwanga vilevile, ila kwa mita nne hakuna jicho litakaloona.

Nikuambie jambo moja ambalo watu hawalitamki hivi: ukitazama mbingu ya mchana hutazami kitu kilichoko mbali juu kilichopakwa rangi. Unatazama hewa yenyewe imeangazwa na jua, na nyuma yake ni giza la anga. Ile bluu ya Upare na ile ya mbingu ni kitu kimoja, tofauti ni unene wa hewa na kilichosimama nyuma yake.

MchoraMlima

Shikamoo Mwalimu. Hapo kwenye "kilichosimama nyuma yake" umenishika. Lakini bado: kwa nini bluu? Jua linatoa rangi zote. Kwa nini hewa isitawanye nyekundu, tukawa na mlima wa nyekundu?

TichaFizikia (Kibosho)

Marahaba.

Hewa ni naitrojeni asilimia 78, oksijeni 21, argoni karibu asilimia 1, na vingine vichache pamoja na mvuke. Molekuli ya naitrojeni ina upana wa sehemu ya tatu hivi ya nanomita (nanomita ni mita moja ukiigawa mara bilioni). Wimbi la mwanga wa bluu lina urefu wa nanomita 450, la mwekundu 650. Yaani wimbi ni refu kuliko molekuli kwa zaidi ya mara elfu moja. Mwanga haugongi molekuli kama gololi. Molekuli nzima inajikuta ndani ya wimbi.

Wimbi la mwanga ni nguvu ya umeme inayopanda na kushuka. Kwa bluu inapanda na kushuka mara trilioni 667 hivi kwa sekunde, kwa nyekundu trilioni 461. Elektroni za molekuli zina chaji, kwa hiyo zinatikiswa kwa mwendo huohuo. Na chaji inayotikiswa nayo hutoa wimbi la mwanga, la mwendo uleule, likielekea pande nyingi. Huo ndio mtawanyiko.

Siri ya bluu iko kwenye hesabu ya chaji inayotikiswa: ukiongeza kasi ya mtikisiko mara mbili, nguvu ya mwanga unaotoka inaongezeka mara kumi na sita. Ni kipeo cha nne. Chukua 650 ugawe kwa 450, kisha uzidishe jibu kwa lenyewe hadi zitimie nne: unapata mara nne na ushee. Mwanga wa bluu unatawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu. Rangi zote zinatawanywa, nyekundu pia, ila bluu inazidi.

JichoLaMeru (Arusha, Sakina)

Mwalimu, naomba nikusumbue hapo. Shuleni tulisoma kwamba atomu inameza fotoni (punje ya mwanga), elektroni inapanda ngazi, halafu inashuka na kutema fotoni. Sasa kama ni kumeza na kutema, kila atomu ina ngazi zake, ingekuwa inachagua rangi maalumu tu. Mbona wewe unasema molekuli ya naitrojeni inaitikia rangi zote?

TichaFizikia (Kibosho)

Swali zuri, na hapa ndipo vitabu vya sekondari vinapowaacha watu njiani.

Kumeza kupo. Lakini kumeza kunahitaji wimbi lililingane na ngazi ya molekuli. Ngazi za elektroni za naitrojeni na oksijeni ziko mbali, kwenye urujuanimno, mawimbi mafupi kuliko tunayoyaona. Mwanga unaoonekana hauzifikii. (Oksijeni ina michirizi michache ya kufyonza upande wa nyekundu, ni hafifu, haibadilishi rangi ya mbingu.)

Mtoto yuko kwenye bembea. Ukimsukuma kwa mdundo wa bembea yenyewe anapaa juu na juu. Ukiishika bembea na kuitikisa kwa mdundo mwingine wa polepole, haipai, lakini haikai kimya pia: inakwenda kidogo kidogo kwa mdundo wa mkono wako. Molekuli ya hewa ndani ya mwanga wa jua ni hiyo bembea ya pili. Hakuna ngazi iliyopandwa, hakuna kilichohifadhiwa kwa muda kisha kikatemwa. Inatikisika wakati wimbi lipo, basi. Ndiyo maana mwanga unatoka na rangi ileile ulioingia nayo.

Kwa karibu kila mara, nasema. Kuna sehemu ndogo mno inayotoka na rangi iliyobadilika kidogo kwa sababu molekuli imechukua au imetoa nishati ya kuzunguka au kutetemeka. Hiyo aliiona C. V. Raman, Mhindi, mwaka 1928, akapewa Nobel 1930. Kwa mbingu yetu haina uzito, lakini maabara zinaitumia kila siku kutambua kemikali.

MbegeBaridi

Kwa hiyo hapa nilipokaa natikisika elektroni?

TichaFizikia (Kibosho)

Wewe unatikiswa na mbege.

JichoLaMeru (Arusha, Sakina)

😂

Tuendelee. Kama kanuni ni wimbi fupi ndilo linatawanywa zaidi, urujuani ni mfupi kuliko bluu. Mbona mbingu si ya urujuani?

TichaFizikia (Kibosho)

Sababu zinachangiana. Jua lenyewe linatoa urujuani kidogo kuliko bluu. Mwingine unapungua ukiwa juu huko kabla haujatufikia. Na kubwa zaidi ni jicho. Jicho lina aina tatu za seli za rangi, na linafifia sana kuelekea urujuani. Mchanganyiko unaotoka mbinguni, wenye urujuani, bluu, kijani kidogo na nyekundu kidogo, jicho linausoma kuwa ni bluu iliyochanganywa na nyeupe. Mchora anaijua hiyo, hakuna anayechora mbingu kwa bluu tupu kutoka kwenye kopo.

MgumuWaBarafu (Marangu)

Wakuu, mimi nimekuwa mgumu, yaani mbeba mizigo mlimani, sasa ni gaidi, yaani mwongoza wageni. Sijasoma fizikia ila kuna mambo nayaona naomba yaingizwe kwenye hesabu.

Kwanza, mbingu ya Stella Point, karibu na kilele, saa nne asubuhi si mbingu ya Moshi. Ni bluu nzito, inaelekea giza. Wageni wanadhani ni simu zao zinapiga picha vibaya.

Pili, kule juu unaungua hata kivulini. Mgeni amejifunika kofia, amekaa nyuma ya jabali, jioni pua imechubuka. Sisi tunawaambia wapake mafuta hata kukiwa na wingu, wanaona tunawatisha.

TichaFizikia (Kibosho)

Gaidi, umeleta ushahidi wenyewe.

La kwanza: kilele cha Uhuru ni mita 5,895, na mgandamizo wa hewa pale ni karibu nusu ya ule wa usawa wa bahari. Maana yake nusu ya hewa yote ya dunia iko chini ya miguu yenu. Molekuli za kutawanya mwanga juu ya kichwa zimebaki nusu, mbingu inapoteza mng'ao, giza la anga linaanza kujipenyeza. Mswisi mmoja, Horace-Bénédict de Saussure, aliyepanda Mont Blanc mwaka 1787, alitengeneza kadi ya duara yenye vipande vya bluu kuanzia hafifu hadi nzito, unainua unalinganisha na mbingu. Alikuta kadiri unavyopanda ndivyo inavyokolea. Wagumu wa Marangu wangemwambia bure.

La pili: miale ya urujuanimno inayochoma ngozi ina mawimbi mafupi zaidi, nanomita 310 hivi. Piga hesabu ileile ya kipeo cha nne ukilinganisha na mwanga wa kijani wa nanomita 550: inatawanywa karibu mara kumi zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya miale hiyo haitoki kwenye jua moja kwa moja, inatoka mbinguni kote. Jabali limezuia jua, halijazuia mbingu. Na hapo hujaongeza theluji inayorudisha miale kutoka chini.

MchoraMlima

Mwalimu, la theluji limenikumbusha. Kanuni ya fundi inavunjika kwenye theluji. Miamba ya mbali inageuka bluu, sawa. Lakini barafu ya Kibo ukiitazama kutoka mbali haigeuki bluu. Mimi naiona kama ina umanjano kidogo, kama krimu. Nikiipaka bluu inaonekana uongo. Nilidhani ni macho yangu.

TichaFizikia (Kibosho)

Mchora, hilo walilibishania wanasayansi wa karne ya 19, wewe umeliona na brashi mkononi.

Hewa inafanya mambo mawili kwa pamoja. Inaongeza mwanga wake wa bluu mbele ya kitu, na inapunguza mwanga unaotoka kwenye kitu chenyewe, ikianza na bluu. Kitu cha giza, mwamba au msitu, hakina cha kupoteza, kwa hiyo unaona kilichoongezwa tu: bluu. Kitu cheupe kinachong'aa kinatuma mwanga mwingi wenye rangi zote, na njiani bluu yake inatawanywa pembeni kuliko nyekundu yake. Kinachofika kimepungukiwa bluu, kinaelekea umanjano. Mlima mmoja, hewa moja, umbali mmoja, mwamba unakwenda huku na theluji inakwenda kule. Fundi wako alipaswa kukupa kanuni mbili.

Na ndiyo habari ya jua la jioni. Jua likiwa utosini, hewa safi ya usawa wa bahari inatawanya kama sehemu moja kati ya tano ya bluu yake, na kama moja kati ya ishirini ya nyekundu. Likiwa kwenye upeo, mwanga unapita hewa nene kuliko hiyo kwa mara 38 hivi. Bluu inayokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua hapo haifiki hata sehemu moja kwa elfu. Nyekundu bado inafika. Ule wekundu unaoangukia Kibo alfajiri kabla mji haujapata jua ni mwanga uliokwisha kunyang'anywa bluu yake na hewa ya watu wengine huko mashariki.

BahariKuu

Tuseme nimekubali habari ya hewa. Ila kuna kitu hakiingii. Maji na kioo vina molekuli zilizoshonana kuliko hewa, mara nyingi sana. Kwa nini glasi ya maji haing'ai bluu kama mbingu? Kila molekuli si inatikisika?

JichoLaMeru (Arusha, Sakina)

Hili nalo swali. Ticha njoo.

TichaFizikia (Kibosho)

BahariKuu, hapo umeuliza swali gumu kuliko yote ya uzi huu.

Kila molekuli inatoa wimbi lake. Mawimbi yakikutana yanaweza kujumlishana au kufutana. Molekuli zikipangwa sawasawa kila mahali, mawimbi yote yanayoelekea ubavuni yanafutana: kwa kila molekuli kuna jirani ambaye wimbi lake linafika likiwa kinyume. Linalobaki ni wimbi la kwenda mbele. Ndiyo maana mwanga unapita kwenye kioo kizuri kwa kunyooka.

Hewa haijapangwa. Kwenye kijisanduku chenye ubavu wa nanomita 500 kuna molekuli milioni tatu hivi, lakini si milioni tatu kamili wakati wote. Sasa hivi ziko zaidi kidogo huku, zimepungua kidogo kule. Kufutana hakukamiliki, na masalio ya kutokamilika ndiyo mbingu yetu. Ukiifanya hesabu kwa gesi, inatokea jibu lilelile kana kwamba kila molekuli inatawanya peke yake. Kwenye maji molekuli zimebanana, hazina nafasi ya kupungua na kuzidi kiasi hicho, kwa hiyo molekuli moja ya maji ina mchango mdogo kuliko molekuli moja ya hewa. Smoluchowski aliieleza mwaka 1908, Einstein akaikamilisha kwa hesabu 1910.

Na yale mawimbi ya kwenda mbele hayapotei bure. Yanajumlishana na wimbi la asili na kulichelewesha. Mwanga katika ombwe, pasipo hewa, ni kilomita 299,792 kwa sekunde. Katika hewa ya kawaida unapungua kilomita 80 na kitu tu. Kwa hiyo kutawanya na kuchelewesha ni kazi ya molekuli zilezile, inategemea umesimama mbele au ubavuni.

MamaKihamba (Old Moshi)

Habari za kazi jamani. Mwalimu, swali la jikoni. Moshi wa kuni ukitoka kwenye paa la jiko na nyuma yake kuna migomba yenye kivuli, unaonekana wa bluu kabisa. Ukipanda juu ya migomba ukawa na mbingu nyuma yake, uleule unakuwa kama wa kahawia. Ni mambo hayahaya?

TichaFizikia (Kibosho)

Hayahaya, dada yangu. Chembe za moshi mbichi nyingi ni ndogo kuliko wimbi la mwanga, zinatawanya bluu zaidi. Nyuma kukiwa na giza unaona bluu iliyotawanywa. Nyuma kukiwa na mwanga unaona mwanga uliopungukiwa bluu. Mwamba na theluji, ndani ya mita mbili.

Mwairishi John Tyndall alifanya hivyo maabara mnamo miaka ya 1860: bomba la kioo, mvuke unaogeuka chembe ndogo, taa kali, akapata bluu ya mbingu mezani. Ukitaka kuona, chukua glasi ya maji, dondoshea maziwa kidogo sana, zima taa, washa tochi ya simu. Ubavuni maji yana ubluu, ukitazama tochi kupitia maji ni chungwa. Watoto watakusumbua kutaka kurudia.

Tyndall alidhani mbinguni kuna chembe za aina hiyo. Lord Rayleigh, Mwingereza, alitoa kanuni ya kipeo cha nne mwaka 1871, na mwaka 1899 akaonyesha kwamba chembe hazihitajiki, hewa yenyewe inatosha. Katika hoja zake za 1899 alitaja kwamba Mlima Everest unaonekana vizuri kutoka karibu na Darjeeling, maili kama 100. Kama hewa ingetawanya zaidi ya inavyotakiwa, mlima usingeonekana. Mtu anapima molekuli kwa kuutazama mlima! Angeweza kukaa Arusha akatazama Kibo, kilomita 80 hivi, akafika palepale.

JichoLaMeru (Arusha, Sakina)

Angekuja mwezi gani lakini? Mimi Agosti na Septemba Kibo sikioni kabisa kutoka Arusha. Meru yenyewe iko kilomita 15 hivi kutoka mjini na siku nyingine imefifia kama picha iliyofuliwa. Na kufifia kwenyewe si kwa bluu, ni weupe mchafu.

TichaFizikia (Kibosho)

Hapo molekuli hazina hatia. Hewa safi tupu ingekuruhusu kuona hadi karibu kilomita 300. Kinachowaziba ni vumbi, moshi wa mashamba yanayochomwa, na unyevu ulioganda juu ya chembe hizo. Chembe ikikaribia au kuzidi urefu wa wimbi, ile kanuni ya kipeo cha nne inakufa: rangi zote zinatawanywa karibu sawa, unapata weupe. Tone la wingu lina kipenyo cha mikromita 10 hadi 20 (mikromita ni nanomita elfu moja), mara ishirini na zaidi ya wimbi, ndiyo maana mawingu ni meupe. Mjerumani Gustav Mie aliandika hesabu yake kamili mwaka 1908.

Kwa hiyo mtoa mada alikuwa sahihi kukataa jibu la ukungu. Na akipenda kuchora Agosti, apunguze bluu aweke vumbi.

Mvua ikinyesha ikaosha hewa, asubuhi yake toka nje mapema, kabla mawingu hayajavaa mlima. Utaona Upare yenye bluu halisi, ya molekuli.

MgumuWaBarafu (Marangu)

Kuna mgeni alinipa miwani ya jua nikaijaribu. Nikilaza kichwa upande, mbingu inakuwa nyeusi na kurudi. Nikadhani nimepata homa ya mlima.

TichaFizikia (Kibosho)

Gaidi hujapata homa. Hiyo miwani ina kichujio kinachopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu. Mwanga wa jua unatikisika pande zote, lakini uliotawanywa na molekuli kwa pembe ya mraba kutoka kwenye jua unatikisika zaidi upande mmoja, kwa sababu elektroni haiwezi kutoa wimbi kuelekea kule inakotikisikia. Mfaransa Arago aliligundua hili mbinguni mwaka 1809. Nyuki wanaliona bila miwani na wanalitumia kujua jua liko wapi hata likifichwa na wingu.

Sasa wapiga picha wa Moshi mnisikilize. Mlima uko kaskazini ya mji. Asubuhi jua liko mashariki, jioni magharibi. Yaani ukitazama mlima saa ambazo huwa wazi, unatazama kwa pembe ya mraba na jua, hasa Machi na Septemba. Bluu iliyo kati yenu na mlima imejipanga kutikisika upande mmoja. Weka kichujio cha namna hiyo kwenye kamera, kizungushe polepole, bluu itapungua na miamba itajitokeza. Mji mwingine wenye bahati hiyo sijui, sisi tumepewa bure.

MchoraMlima

Naazima miwani leo hii. Mgumu, unapatikana wapi?

UstadhPasua

Assalaam aleikum. Nimesoma kimya tangu mwanzo. Mwalimu umesema mawimbi ya kwenda mbele yanachelewa kidogo kwenye hewa. Nimewahi kusikia kwamba jua tunaloliona likigusa upeo jioni, kwa kweli limeshatua. Ni kweli, au ni maneno ya vijiweni? Kwa sababu Ramadhani kuna dakika zina thamani.

TichaFizikia (Kibosho)

Waaleikum salaam. Ni kweli. Hewa ya chini ni nzito kuliko ya juu, mwanga unachelewa zaidi chini, kwa hiyo njia yake inapinda kufuata mviringo wa dunia. Kwenye upeo upindaji ni dakika 34 za pembe, zaidi kidogo ya nusu digrii, na jua zima lina upana wa dakika 32 hivi. Likionekana limegusa upeo kwa chini, jua halisi liko lote chini ya upeo. Kwa huku kwetu karibu na ikweta ni tofauti ya dakika mbili na ushee za saa.

Lakini usiogope. Kalenda zinazopigwa kwa hesabu zinachukua kitovu cha jua kikiwa digrii 0.833 chini ya upeo, na ndani yake zile 34 zimo, pamoja na 16 za nusu ya jua. Hewa imeshahesabiwa.

UstadhPasua

Alhamdulillah. Na aliyeko mlimani? Anafuata saa ya Moshi?

MgumuWaBarafu (Marangu)

Ustadh, hapo niulize mimi. Kambi ya Shira iko upande wa magharibi, mbele yako ni Meru tu na mawingu chini. Jua unaliona bado wakati Moshi wameshawasha taa. Wagumu wenzetu Waislamu hawafungui kwa saa ya mjini hata redio ikiadhini, wanakaa na tende mkononi wanalitazama.

TichaFizikia (Kibosho)

Na wako sahihi kwa hesabu. Ukiwa juu, upeo unashuka, jua linachelewa kwa dakika kadhaa. Dubai mwaka 2011 wakaazi wa ghorofa za juu za Burj Khalifa waliambiwa wangoje dakika mbili hadi tatu zaidi. Na Burj Khalifa haifiki mita 900.

MbegeBaridi

Kwa hiyo mgumu wa Shira anafunga kuliko tajiri wa Dubai, na mzigo wa kilo 20 kichwani.

MgumuWaBarafu (Marangu)

Na uji wa futari anaupika mwenyewe.